Zote zimeandikwa ‘GHz 3’, ipi itamfaa mwanao?

Mama mmoja mkazi wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, alifika Kariakoo Jumamosi asubuhi akiwa na Sh450,000 kwenye mkoba. Zilikuwa fedha zake za upatu, zamu aliyoisubiri tangu mwanzo wa mwaka.

Fedha hizo zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya mezani kwa kijana wake wa kidato cha tatu, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akiazima simu ya mama ili asome masomo ya sayansi kwa video na kupakua mitihani iliyopita. Ya pili ni kumpeleka kijana huyo huyo kupimwa macho, kwa sababu mwalimu wa darasa alimwita na kumwambia kuwa mtoto ananakili ubaoni taratibu mno na anakunja uso kila anapoangalia mbele.

Mama akaamua kuanza na kompyuta. Hesabu yake ilikuwa rahisi: akipata mashine ya bei ndogo, kinachobaki kitakwenda kwenye macho.

Dukani aliwekewa mezani maboksi mawili meusi, yote yametoka nje yakiwa yametumika maofisini. La kwanza lilibandikwa karatasi: Core 2 Duo 8400, GHz 3.0, RAM GB 4, diski GB 500, bei Sh200,000. La pili: Core i5 2400, GHz 3.1, RAM GB 4, diski GB 500, bei Sh320,000.

“Shikamoo mama,” kijana wa duka alimsalimu.

“Marahaba mwanangu. Mbona hizi zimepishana laki na ishirini na maandishi ni yale yale?”

“Tofauti ni toleo tu mama. Spidi ni moja, GHz tatu kwa tatu. Tena hii ni 8400, ile 2400. Wewe chukua hii, chenji ukanunue kitoweo.”

Mama alishaanza kufungua mkoba. Aliyemzuia ni fundi wa duka hilo hilo, mzee kidogo, aliyekuwa nyuma akichomelea waya. “Usimuuzie mama namba,” alimwambia mwenzake. “Washa zote mbili, aone kwa macho yake.”

Mazungumzo ya aina hii hufanyika kila siku katika maduka ya kompyuta za mtumba. Mzazi ana fedha kidogo, mtoto ana uhitaji wa kweli, na katikati yao kuna karatasi yenye namba ambazo hakuna aliyewahi kuwaeleza zina maana gani.

Boksi siyo CPU

Jambo la kwanza la kuwekwa sawa ni jina. Watu wengi hupenda kuliita boksi zima “CPU”. Kwa kweli CPU ni kipande kidogo bapa kilichomo ndani ya boksi, chini ya feni, kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto. Hicho ndicho prosesa, na ndicho kinachofanya mahesabu yote: kufungua ukurasa, kucheza video, kuonyesha herufi inapobofywa.

Maboksi mawili yanaweza kuwa na rangi moja, umbo moja na nembo moja, lakini ndani kukawa na prosesa zilizopishana miaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa haya mawili. Prosesa zote zilitengenezwa na kampuni ya Intel ya Marekani. Core 2 Duo E8400 iliingia sokoni mwanzoni mwa mwaka 2008. Core i5-2400 ilifuata mwanzoni mwa 2011. Zote ni za zamani, lakini miaka mitatu hiyo ilileta mabadiliko makubwa.

Tatizo ni kwamba kwenye karatasi zinafanana kuliko ndugu. Moja ina GHz 3.0, nyingine 3.1. Hata kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ile ya kuhifadhi kazi ya karibu, zote zimeandikwa MB 6. Mzazi anayelinganisha mstari kwa mstari ataona ya bei ndogo ndiyo ya busara.

Mapigo mengi si damu nyingi

Njia nyepesi ya kuelewa GHz ni kufikiria moyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Lakini mwanariadha wa mbio ndefu anaweza kuwa na mapigo 50 tu, na damu inayofika mwilini mwake isipungue, kwa sababu kila pigo moja la moyo wake husukuma damu nyingi zaidi. Mtu mmoja akisukuma mililita 70 kwa pigo na mapigo 70 kwa dakika, anapata karibu lita tano. Mwingine akisukuma mililita 100 kwa mapigo 50, naye anapata lita tano zile zile. Anayehesabu mapigo peke yake hawezi kujua nani ana moyo wenye nguvu.

GHz ni mapigo ya prosesa. GHz 3 maana yake ni mapigo bilioni tatu kwa sekunde. Namba hiyo haisemi kila pigo linafanya kazi kiasi gani.

Intel wenyewe walilipata somo hili. Mwaka 2004 waliuza Pentium 4 iliyofika GHz 3.8, moto wake ukiwa mwingi na feni ikilia. Mwaka 2006 wakatoa Core 2 Duo za kwanza, nyingine zikiwa chini ya GHz 2.5, na zikaishinda Pentium 4 hiyo. Mapigo yalipungua, kazi ikaongezeka. Anayekutana leo na Pentium 4 ya “GHz 3.8” mtaani akaambiwa ina spidi kuliko zote, aikimbie.

Kwa hizi mbili za Kariakoo, tofauti ziko sehemu tatu.

Kwanza, kila pigo la i5-2400 linafanya kazi zaidi. Sehemu inayozungumza na RAM iliwekwa ndani ya prosesa yenyewe, wakati kwenye E8400 mazungumzo hayo hupitia kipande kingine kilicho nje kwenye bodi. Ni sawa na mama mwenye maji jikoni na yule wa kwenda kuchota kisimani kila sufuria inapokauka.

Pili, i5-2400 inaweza kujiongezea mapigo kazi inapokuwa nzito, kutoka GHz 3.1 hadi 3.4. E8400 hubaki pale pale kwenye 3.0.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni viini. Prosesa za sasa hugawanywa katika viini, kila kimoja kikifanya kazi yake kama mpishi mmoja jikoni. E8400 ina viini viwili. i5-2400 ina vinne. Karatasi ya duka haikuandika hilo popote.

Ukijumlisha yote, kwenye vipimo vya kawaida vya kompyuta i5-2400 hufanya takriban mara tatu ya kazi ya E8400 pale viini vyote vinapotumika. Kwa kazi inayotumia kiini kimoja tu, kama kuandika barua, pengo hupungua hadi kama mara moja na nusu.

Namba 8400 na mtego wake

Kijana wa duka alisema 8400 ni kubwa kuliko 2400. Kihesabu yuko sahihi. Kwa prosesa, hakuna maana.

Kwa Core i3, i5 na i7, tarakimu inayoanza baada ya kistari huonyesha kizazi. i5-2400 ni kizazi cha pili. i5-4570 ni cha nne. i5-10400 ni cha kumi, hapo tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazosomwa. Core 2 Duo haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ilikuja kabla ya vizazi hivyo kuanza kuhesabiwa.

Mtego ni kwamba ipo pia Core i5-8400, ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na viini sita. Hiyo ni mashine nyingine kabisa. Mzazi akiona tangazo la “Core 8400” bila kuandikwa kilichotangulia, aulize: ni E8400 au ni i5-8400? Herufi moja hiyo imebeba miaka karibu kumi.

Jaribio la dukani

Fundi aliziwasha zote mbili kwa wakati mmoja, mama akishika saa ya simu.

Jambo la kushangaza, zilipishana kidogo tu kuwaka. Zote zilichukua karibu dakika mbili mpaka zikatulia. Kijana wa duka akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Fundi hakubishana. Alifungua E8400, akatoa diski ya zamani, akachomeka diski ya aina ya SSD yenye Windows tayari, akaiwasha tena. Safari hii haikumaliza hata dakika moja. Ile ya bei ndogo ikawa imeitangulia ile ya bei kubwa.

“Hapo umejifunza nini mama?” aliuliza.

“Kwamba hii ya laki mbili siyo mbaya.”

“Umejifunza kwamba kuwaka siyo kazi ya prosesa peke yake. Sasa tuipe kazi ya mtoto.”

Alifungua kurasa tano za intaneti, moja ikiwa na somo la video, nyingine kitabu cha kidato cha tatu, na pembeni programu ya kuandikia. Kwenye E8400 video ilianza kukatakata. Sauti ilitangulia, picha ikafuata. Fundi akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, kikatokea kidirisha kinachoonyesha kazi inayofanywa na prosesa. Ilikuwa asilimia 100, na haikushuka.

Kwenye i5-2400, kurasa zile zile na video ile ile zilicheza bila kusimama. Mashine ilihema kidogo wakati wa kufungua, kisha ikatulia na kubaki na nafasi ya kutosha.

SSD iliharakisha kuwaka, lakini haikuweza kuongeza viini. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayotafuta, na kila kutafuta kunachukua kama milisekunde kumi au zaidi. SSD haina kitu kinachozunguka, inapata ilichotafuta kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Ndiyo maana mashine ya zamani ikiwekewa SSD huonekana imefufuka. Lakini kazi ikishafika kwa prosesa, na prosesa ikashindwa, hakuna diski ya kuisaidia.

Kazi ya mtoto ndiyo iamue

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kujiuliza mtoto atafanya nini.

Kama ni kuandika, kusoma vitabu vya PDF, kufanya hesabu kwenye jedwali na kufungua ukurasa mmoja mmoja, E8400 yenye SSD na RAM ya GB 4 inaweza kumfikisha. Haitamfurahisha, lakini itamfikisha. Mdogo wake wa darasa la tatu anayejifunza kuchapa herufi hahitaji zaidi.

Kama ni masomo ya video, madarasa ya moja kwa moja yenye kamera, au kurasa nyingi kwa pamoja kama Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania pamoja na mitihani iliyopita, i5-2400 ndiyo ya kuanzia. Hapo RAM ya GB 8 ni bora kuliko 4.

Mzazi asinunue ile ya bei ndogo akitegemea kubadilisha prosesa baadaye aweke i5. Hazikai kwenye tundu moja. Bodi ya E8400 ina tundu la aina ya 775, na bodi ya i5-2400 ni 1155. Mwenye bodi ya E8400 ambayo inakubali anaweza kupanda hadi Core 2 Quad ya viini vinne, ya enzi zile zile, na safari inaishia hapo.

Windows ipi?

Karatasi nyingi madukani siku hizi zinaandikwa “Windows 11 tayari”. Kwa mashine hizi mbili, neno hilo liulizwe vizuri.

Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Na Windows 11, kwa masharti yao rasmi, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. E8400 na i5-2400 zote hazimo.

Mafundi hulazimisha Windows 11 kwenye i5-2400 na ikawaka, lakini bila baraka za mwenyewe. Kwa E8400 hata kulazimisha kumefika mwisho: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inadai maelekezo ambayo prosesa hiyo haikutengenezewa, hivyo haiwaki kabisa.

Njia nyingine ni Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi kwenye prosesa zote mbili na unaopata marekebisho ya usalama. Una programu ya kuandika, ya hesabu na ya intaneti. Mtoto huuzoea kwa siku chache kuliko mzazi. Kwa familia itakayobaki na Windows iliyoisha muda, ni busara kompyuta hiyo iwe ya masomo tu, na masuala ya benki yabaki kwingine.

Umeme unaolipwa

Mama aliuliza swali ambalo wengi husahau: “Ipi inakula LUKU?”

Kwenye maelezo ya Intel, E8400 imeandikwa wati 65 na i5-2400 wati 95. Wengi wakisoma hapo huamua i5 ni mlafi. Lakini wati hizo ni kiasi cha joto ambacho feni na chuma chake vinatakiwa kukimudu pale prosesa inapofanya kazi kwa nguvu. Siyo umeme unaotumika kila dakika. Prosesa mpya zaidi hupumzika vizuri mtoto anaposoma bila kubofya, na kazi nzito huimaliza mapema. Kwa hiyo mwisho wa mwezi tofauti inaweza isionekane.

Hesabu ya nyumbani ni hii. Boksi na kioo vikitumia kwa wastani wati 80, kwa saa nne kwa siku, ni uniti 0.32. Kwa siku 30 ni uniti 9.6. Mzazi azidishe na bei ya uniti anayolipa. Kwa nyumba zilizo kwenye kundi la wateja wadogo wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, uniti kumi hizo ni za kuziangalia, zisije zikawavusha mpaka. Kuzima kompyuta na kioo wakati wa kwenda kula, badala ya kuviacha vikiwaka, ni akiba isiyohitaji prosesa mpya.

Macho ya mtoto mbele ya kioo

Mashine nzito ina madhara ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya bei. Mtoto anayesubiri ukurasa ufunguke hukaa mbele ya kioo muda mrefu zaidi kwa kazi ile ile. Saa moja ya masomo inageuka mbili, shingo imeinama, macho yametumbuliwa.

Mtu anapoangalia kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho hukauka, huwasha na kichwa huuma. Uchovu huo huisha kwa kupumzika. Kanuni inayopendekezwa na wataalamu wa macho ni rahisi kukumbuka: kila baada ya dakika 20, mtoto aangalie kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Kioo kiwe umbali wa urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usawa wa macho au chini kidogo. Dirisha lisiwe mbele yake wala mgongoni pake, liwe ubavuni.

Na atoke nje. Tafiti zimeonyesha kuwa watoto wanaotumia muda zaidi nje mchana wana uwezekano mdogo wa kuanza kupata tatizo la kutoona mbali. Kompyuta nzuri isiwe sababu ya kufungia mlango.

Lakini mtoto anayekunja uso akiangalia ubao, anayesogelea televisheni, au anayenakili kwa kuchungulia daftari la mwenzake, huyo hahitaji kanuni ya dakika 20. Anahitaji kupimwa.

Betri ndogo kama kifungo

Kompyuta nyingi za mtumba hupoteza saa na tarehe kila zinapozimwa. Sababu kubwa ni betri ndogo ya duara kwenye bodi, aina ya CR2032, iliyoisha. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache na gharama ndogo.

Betri iliyotolewa isiachwe mezani. Mtoto mdogo akiimeza na ikanasa kooni, inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama ilishaisha nguvu ya kuendesha saa. Mzazi anayeshuku mtoto amemeza asisubiri dalili na asimtapishe. Ampeleke hospitali mara moja na aseme wazi kuwa ni betri.

Ya kukagua kabla ya kulipa

Mzazi asiyejua kompyuta anaweza kulinda fedha zake kwa kufanya haya akiwa bado dukani:

Moja, asiamini stika. Stika ya i5 inaweza kubandikwa juu ya boksi lolote. Mashine iwashwe, zibonyezwe Ctrl, Shift na Esc, kisha aangaliwe sehemu ya utendaji. Pale jina kamili la prosesa, idadi ya viini na RAM vitaonekana.

Mbili, aandike jina hilo lote, pamoja na herufi, siyo tarakimu peke yake. Tovuti ya Intel inaonyesha mwaka na idadi ya viini vya kila prosesa bila malipo.

Tatu, aipe kazi halisi. Video moja na kurasa tano kwa dakika kumi zinatosha. Aguse boksi kama linachemka, asikilize feni kama inalia.

Nne, auze hesabu nzima kichwani: boksi, kioo, kibodi, kipanya na waya. Bei ya boksi peke yake hudanganya.

Tano, apate risiti na makubaliano ya kurudisha ikiharibika, hata ya wiki mbili.

Hesabu ya mama wa Mbagala

Baada ya jaribio lile, mama alikaa kwenye stuli akapiga hesabu na fundi. i5 kwa Sh320,000, SSD Sh45,000, kioo Sh80,000. Jumla Sh445,000. Ingebaki Sh5,000 ya macho.

Akichukua E8400 na kioo, Sh280,000, ingebaki Sh170,000. Macho yangepatikana, lakini mtoto angerudi kwenye simu ya mama kila penye video.

Fundi hakumshawishi. Aliuliza tu: “Mama, huyo mtoto herufi za kwenye kioo anaziona?”

Mama hakuwa na jibu. Alifunga mkoba akaondoka bila kununua kitu.

Jumatatu alimpeleka kijana kupimwa. Mtaalamu alimweka mbele ya chati, akafunika jicho moja, kisha la pili. Mstari wa tatu tu ulimshinda. Alipoulizwa tangu lini haoni vizuri, alisema hakujua kama haoni. Alidhani ubao uko hivyo kwa kila mtu, na kwamba wenzake ni wepesi kuliko yeye.

Vipimo na miwani viligharimu Sh95,000. Wakiwa kituoni kusubiri daladala ya kurudi nyumbani, kijana alisoma kwa sauti kibao cha basi lililokuwa bado mbali: Rangi Tatu. Siku zote alikuwa akimwuliza mdogo wake.

Jumamosi iliyofuata mama alirudi Kariakoo na Sh355,000. Aliomba apunguziwe, i5 ikashuka hadi Sh300,000. Kioo hakununua, televisheni ya nyumbani ina tundu la VGA, waya ukauzwa Sh10,000. Makubaliano ya nyumbani yakawa kwamba masomo yaishe kabla ya taarifa ya habari saa mbili, na mezani asogee mbali kidogo na kioo kikubwa. SSD ikasubiri zamu nyingine ya upatu.

Mashine inachukua karibu dakika mbili kuwaka. Kijana hutumia muda huo kufuta miwani.